Wachezaji Wawili wa Mlango Mmoja

Ujumbe ulimkuta Siti Nazik akikata vikonyo vya bamia. Alipangusa vidole kwenye aproni, akavaa miwani, akausoma akidhani ni tangazo la biashara. Ulikuwa umeandikwa kwa ile adabu ya mashine inayokera kuliko matusi. Ulisema kwamba uchunguzi wa kampuni ya mchezo umethibitisha kuwa mchezaji Santos na mchezaji Theluji ni mtu mmoja, anayecheza peke yake kwa majina mawili ili ajipandishe daraja, na kwamba kwa sababu hiyo majina yote mawili yamefungwa.

Santos alikuwa yeye. Theluji hakuwa yeye. Theluji alikuwa mtu, tena mtu mwenye mdomo, anayeishi Montreal huko Kanada, na kwa miaka mitatu ndiye mwanadamu pekee aliyemsemesha Siti Nazik karibu kila siku. Sasa watu wasiomjua, waliokaa mahali penye hewa baridi, wanamwambia kwamba mtu huyo hayupo. Kwamba muda wote huo alikuwa akitaniana na nafsi yake.

Alikaa kitako, bamia zikabaki kwenye sinia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na shahidi. Nani angesimama akasema, mimi nawajua hawa, ni wawili? Kaka yake aliyeko Brazil hupiga simu sikukuu kwa sikukuu, anauliza afya, anakata. Majirani hawakujua hata kwamba anacheza. Mwanamke wa miaka sitini na ushei, mtu wa Zahriyeh, hapa Tripoli ya Lebanon, hachezi tawla. Tawla ni ya mikahawani, na mikahawa ni ya wanaume: ubao, kete, dadu mbili, dele la kahawa, na ulimi. Asiye na ulimi asikae.

Alifundishwa na baba yake. Mzee Burhan, fundi wa suti, magoti yalipomgomea asiweze tena kushuka ngazi kwenda mkahawani, alitazama huku na huku nyumbani mwake akakuta wanawe wote wa kiume wameshapanda ndege. Aliyebaki ni binti, ambaye kutwa alikuwa akishona kola za sare za shule. "Njoo hapa," alimwambia, "nimekosa wa kumtukana." Wakacheza miaka na miaka. Mzee alipofariki, Nazik alifunga ubao kwa kitambaa akauweka juu ya kabati. Jioni alikaa barazani, ghorofa ya tatu, akichambua dengu na kusikiliza mkahawa wa chini. Wanaume wale aliwajua kwa kejeli zao, sio kwa sura. Wengine amewasikia tangu ujana wao hadi uzee wao na hajapata kuwaamkia.

Kisha ikaja simu iliyotumwa na kaka, na ndani ya simu akaugundua mchezo. Alijiita Santos, jina la mji wa kaka yake. Siku ya kwanza kabisa yule mtu aitwaye Theluji alimwandikia, "Uko wapi wewe unayecheza kama mjane?" Nazik alitazama ukuta unaobambuka, akatazama taa iliyokufa, akaandika: "Brazil." Uongo ulimtoka kama chafya.

Tusimhukumu. Ndio ugonjwa wetu huo. Kwetu sisi aliyebaki huonekana kama aliyefeli mtihani, na swali la kwanza unaloulizwa harusini ni una nani nje. Theluji akajibu, "Heri yako, una jua. Mimi Montreal, theluji hadi magotini." Basi wakawa watu wa nje wawili, kila mmoja akimtamania mwenzake hali ya hewa.

"Umelala, Santos? Au kahawa ya Brazil imekuishia?"

"Nakuhurumia. Vidole vimekuganda, dadu zinakuponyoka."

"Shesh-besh tena, sita na tano? Hizo dadu umezihonga. Muogope Mungu."

"Mungu yuko upande wangu, uliza hata padri."

"Du-shesh! Sita mbili, Santos, zihesabu mwenyewe. Inuka ukaoshe dele."

Hapo Nazik alikuwa akicheka peke yake jikoni, kicheko cha sauti, halafu anajiziba mdomo kwa mkono.

Walicheza alasiri, saa za jenereta ya mtaa. Jenereta ikizimwa, kisanduku cha mtandao kinazimika nayo, na mchezo unakatika popote ulipofika. Nazik hakutaka Theluji ajue kwamba Brazil nzima inategemea jenereta, kwa hiyo kabla ya saa hiyo alijiwahi: "Mteja ameingia dukani, tuonane kesho." Na Theluji naye, ajabu, mara nyingi alikuwa na haraka dakika ileile. "Basi langu hilo, naenda kazini." Siku ambazo umeme uliwawahi wote, kesho yake kila mmoja alikimbilia kuomba radhi, na kila mmoja alifurahi kuona mwenzake hakukasirika. Miaka mitatu! Waongo wawili wakipishana mlangoni, kila mmoja akiinamisha kichwa asionekane, na kwa hiyo hakuna aliyemwona mwenzake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi siku ya bamia.

Siti Nazik hakupika. Alivaa koti, akashuka kwa Wajdi.

Wajdi ndiye mwenye jenereta ya mtaa na ndiye mwenye mtandao wa mtaa. Nyaya zake zinapita kutoka paa hadi paa, zimesongamana na kamba za nguo. Duka lake liko chini ya ngazi, na yeye mwenyewe hukaa katikati ya masanduku yanayopepesa vitaa, amenuna daima, ila ni mtu mwema.

"Wajdi, mwanangu, mtandao wangu una kasoro."

"Una kasoro au umezimika, Siti Nazik?"

"Unafanya kazi. Lakini watu wanasema mimi ni mtu mwingine."

Wajdi aliweka bisibisi chini. "Karibu Lebanon."

Akamweleza, nusu nusu. Alisema ni mpwa wake anayecheza. Wajdi hakuuliza mpwa gani, maana alijua hana mpwa hapa nchini. Alisoma ule ujumbe kwenye simu, akatikisa kichwa, akavuta kiti akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa. Kila nyumba inayotaka kutoka kwenda mtandaoni inahitaji anwani, sawa? Namba. Waliozitengeneza zile za mwanzo walidhani zitaitosha dunia. Zikaisha."

"Namba nazo zinaisha?"

"Zile ndiyo. Wakubwa walijipakulia mwanzoni, sisi tukafika mezani sahani zimeshalambwa. Mimi nimepata moja. Moja, Siti Nazik, kwa mtaa mzima! Wewe, daktari wa meno, chekechea, na Abu Sayf na filamu zake ambazo sitazitaja mbele yako, nyote mnatoka kwa mlango mmoja. Aliye nje anaona mlango tu. Haoni nani katoka."

"Kwa hiyo wametuona tunatoka mlango mmoja, wakasema ni mtu mmoja."

"Tena mnacheza pamoja, mnaingia pamoja, mnakatika pamoja. Hata mimi ningesema."

Siti Nazik akauliza polepole, kama mtu anayeweka mguu kwenye ngazi ya giza, "Na mtu akiwa Montreal?"

"Aliye Montreal anatoka kwa mlango wa Montreal. Waya wangu haufiki huko, ungefika ningekuwa waziri. Huyo mwenzako..." Wajdi akakohoa. "Huyo mwenzake mpwa wako analipia kwangu. Yuko humu mtaani."

Kwa mbali Nazik alisikia dadu zikigonga ubao mkahawani.

"Ni nani?"

"Mimi nauza maji, Siti Nazik. Siangalii nani anaoga."

"Basi nipe namba yangu mwenyewe, niwe na mlango wangu. Wanione kwamba niko."

Wajdi alicheka, si kwa dharau. "Namba mpya zipo. Walishatengeneza mfumo mwingine wa anwani, nyingi hadi ni kichekesho. Kila chembe ya mchanga wa pwani yetu ya Mina ipewe yake, zitabaki. Zipo tangu mimi sijaota ndevu."

"Sasa mnangoja nini?"

"Kila mtu anamngoja mwenzake. Masanduku yangu ni ya kale. Kampuni inayoniuzia inasema ibadilishe kwa ajili ya nani, wateja hawajabadilisha. Na huo mchezo wenu hausikii anwani mpya kabisa. Ukiubishia hodi kwa mlango mpya ni kama hujaja. Wao nao wanasema wasikie kwa ajili ya nani, hakuna mtu huko. Nani aanze?"

"Aanze yeyote!"

"Ndivyo wanavyosema wote."

Alirudi nyumbani kwa ngazi, akipumzika kila ghorofa. Kwanza alikasirika. Montreal! Theluji hadi magotini! Alimwonea huruma majira ya baridi yote, hata akamwelekeza namna ya kuchemsha yansuni kwa kifua. Kisha akakumbuka Brazil yake, hasira ikamwisha, ikabaki aibu. Na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukijua jina kwa sababu hakuwa amekizoea. Yule mtu yupo. Si Montreal, hapa. Pengine akikohoa, Nazik anamsikia.

Alikaa barazani akatazama madirisha ya ng'ambo ya kichochoro moja baada ya jingine. Daktari wa meno? Hana muda wa kukuna kichwa. Mwalimu wa ghorofa ya pili? Yule hana mzaha hata kidogo. Chini, mkahawani, mtu alishinda akapiga kete ya mwisho kwa kishindo na kumtolea mwenzake maneno, na Nazik akawaza tu kwamba maneno ya siku hizi hayana ladha, kwamba waliojua kumkejeli mtu wamekwisha kufa. Abu Jawdat, kwa mfano, Mungu amrehemu. Huyo alikuwa akishinda, anasubiri kwanza hadi mkahawa wote unyamaze, halafu anasema kwa upole, kama anayemwonea mtu imani: "Inuka ukaoshe dele."

Mikono ya Siti Nazik ilitulia kwenye mapaja.

Hakuna mwingine aliyekuwa akisema hivyo. Yalikuwa maneno ya Abu Jawdat peke yake, na yalizikwa naye. Ila Abu Jawdat aliacha mwana, Jawdat, aliyekuwa akisimama nyuma ya kiti cha baba yake tangu akiwa na kaptura. Na Jawdat alikwenda Montreal. Mtaa mzima ulimsindikiza. Aliuza gari, akauza duka la marehemu, mama yake akapeleka sahani za halawa ya jibini nyumba kwa nyumba, na siku ya safari wanawake walipiga vigelegele kutoka kila baraza, Nazik mmoja wao. Tangu siku ile Umm Jawdat hakuacha kumtaja. Ukimwamkia, "Mwanangu Montreal anakusalimia." Ukimuuliza bei ya nyanya, "Montreal nyanya ni ghali zaidi."

Anakaa mkabala, ghorofa ya nne, dirisha moja limefungwa kiangazi na masika. Nazik aliona sasa alichokuwa akikiona miaka yote. Kikapu cha Umm Jawdat kikishushwa kwa kamba hadi kwa mwenye duka, kinapanda na mkate mwingi kuliko wa bibi mmoja. Kinapanda na sigara. Mama mwenye pumu, anayevuta pumzi kwa mrija, sigara za nini? Na mwenye duka huziweka chini kabisa, chini ya mkate, bila kuambiwa. Kama Jawdat alirudishwa njiani, au hakupanda ndege kabisa, Nazik hakujua, na hakupata kuuliza. Alijua tu kwamba mtu hawezi kurudi kwa vigelegele vile.

Alipiga moyo konde siku mbili tatu, moyo ukakataa. Siku iliyofuata akavaa gauni lake la heshima, akavuka kichochoro.

Umm Jawdat alimfungulia kwa furaha ya mtu asiyepata wageni, na kwa hofu ya mtu asiyewataka. Alimkalisha sebuleni, akaleta kahawa, akaketi yeye mwenyewe mkabala na mlango wa chumba uliofungwa, kama askari. Waliulizana afya. Walilaani jenereta. Televisheni ilikuwa ikisema chumbani, sauti ya chini.

"Naiacha iseme," alisema Umm Jawdat haraka. "Nyumba isiwe kimya."

"Hata mimi. Na Jawdat?"

"Alhamdulillahi. Montreal, habibti. Kazi nyingi, hata kula hali vizuri. Baridi kali."

Siti Nazik alitazama kikombe chake. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa mdomoni: najua yuko mle ndani, mfungulie, nimemkosa, nyumba yangu imekuwa kaburi. Angeyasema, angempata rafiki yake siku ileile. Au angemuua. Alimtazama yule mama, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili na anamsihi kwa macho, na akayameza.

"Ukiongea naye," alisema, na akapaza sauti kidogo, "naomba umfikishie salamu. Mwambie zinatoka kwa Santos."

"Nani?"

"Santos. Atajua. Mwambie tumefungiwa sote wawili, si yeye tu, asije akadhani nimemkimbia. Wametuona tunatoka mlango mmoja, wakasema sisi ni mtu mmoja." Chumbani televisheni ilinyamaza. Nazik aliendelea, akiutazama ukuta wa nyumba na si ule mlango. "Na mwambie Santos hajapata kufika Brazil. Hajavuka hata mpaka wa Syria. Ni mwanamke, anashona kola, anakaa ghorofa ya tatu na hana mtu. Alisema uongo kwa sababu aliona haya. Mwambie Santos hamlaumu mtu mwingine yeyote aliyeona haya."

Umm Jawdat alikuwa analia bila kutoa sauti, uso haukunjamani, machozi tu.

"Nitamwambia," alisema mwishowe. "Akipiga."

Nazik aliaga. Mlango wa chumba haukufunguka.

Wiki zikapita, ukapita mwezi, hakuna neno. Alijilaumu. Kumbe alikuwa na faraja moja, uongo wake mzuri wa bahari na wateja, na ameuvunja mwenyewe mbele ya mlango uliofungwa. Akikutana na Umm Jawdat waliamkiana kwa upole mno, kama watu waliowahi kuzika pamoja. Alishusha ubao wa baba yake akajaribu kucheza, upande huu na upande ule, akarusha dadu kwa ajili yake na kwa ajili ya asiyekuwepo. Alipojikuta anamkejeli aliye ng'ambo ya ubao, na ng'ambo ya ubao ni mto wa kiti, aliufunga. Ndicho hasa walichomshitaki nacho.

Lakini kwa Wajdi hakuacha kwenda. Alikuwa mtu wa kazi ya sindano, na sindano humfundisha mtu kurudia. Kila apitapo alichungulia: "Mwenzako ameanza?" Wajdi alikuwa anafoka, kisha akazoea, kisha siku moja ya joto akamwita yeye mwenyewe.

"Njoo, mwenye kero. Huyo anayeniuzia hatimaye ameanza. Na mchezo wenu umetangaza kwamba sasa unasikia anwani mpya. Nimepata masanduku machache, yametumika, lakini yanazijua. Jengo gani nianze nalo?"

"Langu. Na lile la mkabala."

"Mkabala kuna nani? Umm Jawdat? Yule hajui hata kuwasha simu."

"Wewe badilisha tu."

Wajdi alimtazama, akatazama orodha ya nyaya ukutani, akajikuna shingo. Kwa namna alivyojikuna Nazik alielewa kwamba anajua, na kwamba amejua kitambo. Pengine mtaa mzima unajua, na umenyamaza kwa heshima, na heshima hiyo imemzika mtu akiwa hai.

"Nitabadilisha," alisema Wajdi. "Sasa utakuwa na namba yako peke yako, Siti Nazik. Haijapata kushikwa na mtu tangu dunia iumbwe."

"Peke yangu nimezoea, mwanangu. Hiyo si habari."

Akamsaidia kuwaandikia wale wa kampuni: kwamba Santos na Theluji sasa kila mmoja ana anwani yake, watazame wenyewe. Jibu lilikuja kwa adabu ileile. Majina yote mawili yamefunguliwa.

Alasiri kadhaa alimtazama Theluji kwenye orodha, amefifia, hayupo. Halafu alasiri moja ya Julai, Tripoli yote ikichuruzika jasho, jina lile likawaka kijani.

"Santos," aliandika. "Huku theluji imeziba madirisha."

Nazik alisoma mara mbili. Julai. Hata Montreal kwenyewe hakuna theluji Julai, na mjinga gani hajui. Hakuwa anadanganya. Alikuwa ameshika kamba pekee aliyonayo, hata kama imekatika, na Nazik alimwonea huruma.

"Vaa soksi nzito," alimjibu. "Rusha dadu."

Wakacheza. Theluji alicheza vibaya, mikono ya mtu aliyekaa muda mrefu bila mchezo, akafungiwa kete mbili mapema, akawa anazunguka bila njia. Nazik hakumhurumia, maana kumhurumia mtu kwenye tawla ni tusi. Alipotoa kete yake ya mwisho aliandika, "Inuka ukaoshe dele," akangoja apigwe kejeli.

Hakuna kilichokuja. Alidhani umeme umekatika, lakini taa yake ilikuwa inawaka. Kisha maneno yakaja, na kwa mara ya kwanza yalianza na jina lake.

"Siti Nazik. Mama hawezi tena ngazi. Akifa nitatokaje humu?"

Alianza kujibu akafuta. Aliandika kwamba Mungu atampa mama umri, akafuta. Aliandika kwamba watu husahau, akafuta, kwa sababu watu hawasahau. Mwisho akaandika, "Kwa mlango. Nitakuwa nimesimama nje nakungoja."

Akaituma. Kisha alikaa akiitazama sentensi hiyo na haikumpendeza. Kungoja! Amengoja maisha yake yote, ni hodari wa kungoja, angeweza kumngojea huyu hadi jeneza la mama lishushwe na mwana abaki nyuma ya dirisha. Aliweka simu mezani, akavaa viatu.

Alipita mbele ya mkahawa, wanaume wakasogeza viti kumpisha. Alipanda ngazi za mkabala zote nne bila kupumzika, akagonga kabla hajapata muda wa kuogopa.

"Nani?" Sauti ya Umm Jawdat, karibu na komeo.

"Nazik. Leo sikuja kwako, Umm Jawdat. Nimekuja kwa mwanao."

Ikaja ile kauli ya kila siku: "Mwanangu yuko Montre..."

"Fungua, mama," alisema mwanamume ndani.